Fundi wa Baridi na Mikono ya Dada Yangu

Wiki iliyopita mjukuu wa dada yangu alishuka kutoka Sange, akaja kuniamkia hapa Uvira. Alikaa kwenye kiti cha plastiki mlangoni, akatoa simu, akatafutatafuta kwa kidole, kisha akanishikisha. "Babu, njo hii picha muliyotuambia?" akaniuliza.

Ilikuwa yenyewe. Sikuwa nimeiona kwa zaidi ya nusu karne. Wanawake watano wameinama juu ya mawe wakianika samaki. Nyuma yao bahari, na ng'ambo ya bahari milima. Yote ni ya kijivu. Anga kijivu, maji kijivu, hata sketi za wanawake ni za kijivu. Nilimwuliza binti kama simu yake haikuharibika, kama hakuna mahali pa kubonyeza ili rangi zitoke. Akacheka. "Babu, rangi njo hizo. Mwenyewe aliichora vile."

Nilimrudishia simu yake nikasingizia moshi, maana jirani alikuwa anakaanga samaki upande wa upepo. Wewe unayesoma labda unashangaa mzee mzima kutokwa machozi kwa sababu ya wanawake wa Ulaya na samaki wao. Basi kaa nami kidogo. Nitakueleza yote, na sitajipendelea.

Nyumba ya bibi yangu ilikuwa pale ambapo mlima na ziwa vinakaribiana mpaka mji unabaki mwembamba kama mkanda. Ukitoka mlangoni, hatua thelathini zilikufikisha kwenye mchanga, na mchanga ule ndio uliokuwa shamba la bibi. Alikuwa mwanikaji wa ndagala, wale dagaa wa ziwa letu. Asubuhi mitumbwi ilipofika, alirudi na beseni kichwani, maji ya samaki yakimchuruzika shingoni, akawatawanya ndagala juu ya mchanga kama mtu anayepanda mbegu. Kufikia saa nne ufuo wote ulimetameta, na harufu ile iliingia katika nguo, katika nywele, katika daftari zetu za shule. Sisi watoto tuliwageuza samaki kwa fagio na kuwafukuza kunguru. Wingu likitokea juu ya mlima, bibi hakusubiri tone la kwanza. "Mvua haibishi hodi," alisema, na sote tulikimbia kukusanya. Mpaka leo nikila ndagala wasio na chembe ya mchanga, naona kama kitu kimepungua chumvi.

Nasema "sisi" kwa kuwa nilikuwa na dada. Alikuwa binti wa mama yangu mkubwa aliyefariki kule Bijombo. Aliletwa kwa bibi akiwa na miaka sita, mtoto wa milimani aliyeyaogopa maji na kumlilia ng'ombe mmoja kwa jina. Alinizidi umri kwa mwaka mmoja tu, lakini alichelewa kuanza shule, tukawa kalasi moja. Kwa akili alinizidi mbali. Mimi niliposoma ukurasa mara tatu, yeye alikwisha kuuelewa na kuusahihisha.

Mwalimu wetu katika kalasi ya tano na ya sita alikuwa mwanamke wa misheni kutoka Norvege, nchi ya baridi kule Ulaya. Hakuwa ameolewa, kwa hiyo mji mzima ulimwita Mamzeli. Alikuwa mwembamba, tumbo lake lilikataa mawese, na Kiswahili chake alikitoa katika Biblia. "Enyi watoto," alikuwa akisema, "ondokeni mkafute ubao." Tulimwiga njiani mpaka mbavu zikauma, lakini tulimpenda. Jumamosi aliwaita wanafunzi sita kwenye baraza yake, akatupa chai yenye maziwa ya unga, kisha akafungua kitabu kikubwa kama mlango wa dirisha. Mimi na dada tulikuwa kati ya wale sita.

Kitabu kilikuwa cha maisha na kazi ya mchoraji mmoja wa nchi yake, mtu wa karne iliyotangulia ya kwetu. Jina lake lilitushinda kutamka. Bibi alipoelezwa kwamba kule kwao maji hugeuka mawe na watu hutembea juu yake, alisema, "Minye siko mutoto wa kudanganywa," na tangu siku hiyo akamwita mchoraji Fundi wa Baridi. Nasi tukamwita vivyo hivyo.

Mamzeli alitusomea ukurasa mmoja kila Jumamosi, akaufafanua polepole. Ndivyo tulivyomjua Fundi wa Baridi kuliko tulivyowajua wajomba zetu wengine. Alizaliwa katika kijiji cha wavuvi. Baba yake alizama akiwa yeye bado mdogo, na mama yake na dada yake wakaishi kwa kuanika samaki wa watu juu ya mawe ya pwani. Yeye alipelekwa kwa fundi wa kupaka rangi milango na masanduku ya maharusi. Siku moja kasisi alimkuta akichora kwa mkaa kwenye ubao wa mtumbwi uliovunjika, akaona si mchezo wa mtoto. Ikaamuliwa aende mjini kusoma. Dada yake naye alikuwa na mkono mzuri, hata wengine walisema ulipita wa kaka yake, lakini mama hakuweza kubaki peke yake na samaki. Kaka akaenda, dada akabaki.

"Basi bangemuacha kaka," dada yangu alisema pale barazani.

"Juu ya nini?" nikamwuliza.

"Juu mukono wa dada ulimupita. Kaka kama weye anatosha tu kugeuza samaki."

Wote walicheka, hata Mamzeli. Nilicheka pia, ingawa niliumia.

Fundi alikwenda hadi Ujerumani. Huko, katika chumba kimoja chenye jiko la kuni, alichora pwani ya kwao miaka na miaka bila kuiona. Bibi alipenda sana habari hiyo. "Anachora maji hayako mbele yake?" alituuliza huku akipembua ndagala, nasi tukaapa kwamba ndivyo. Na katika kila picha alimtia dada yake: mara amebeba kapu, mara ameinama juu ya mawe, mara yuko mbali kama nukta. Picha iliyotupendeza kupita zote ni hii niliyoonyeshwa kwenye simu. Bibi mwenyewe aliombwa kuja kuitazama. Aliinama, akaitazama kwa muda mrefu, kisha akaweka kidole karibu na mwanamke wa mwisho. "Huyu mugongo iko inamuuma," akasema. "Na mwanaume aliyemuchora aliwahi kuanika."

Jambo moja lilinisumbua. Picha haikuwa na rangi. Mwanzoni mwa kitabu kulikuwa na ukurasa mmoja wenye maua mekundu, kwa hiyo nilijua kwamba rangi zinaweza kuingia kitabuni. Nikadhani wachapaji waliishiwa wino.

Kisha nikakosa Jumamosi moja kwa sababu ya homa. Dada alirudi jioni ile uso ukimng'aa, akakaa kando ya mkeka wangu. "Leo Mamzeli ametuambia juu ya ile picha ya samaki," akaanza. Nilikuwa na wivu kwa kukosa, tena midomo ilikuwa michungu kwa kwinini. Nikamwambia anyamaze, sitaki kusikia hadithi iliyotafunwa. Akanyamaza. Angeendelea dakika mbili tu, maisha yake yangekuwa mengine.

Alhamisi iliyofuata nilikuwa nimepona. Alhamisi ilikuwa siku ya dada kufua nguo za Mamzeli. Alizisuuza nguo nyeupe katika beseni la maji yenye buluu, ile dawa ya kufulia iliyouzwa kwa vipande, tuliyoifunga katika kitambaa na kuikamua. Saa saba mchana Mamzeli alikuwa amelala, dada yuko nyuma ya nyumba anaanika, na kitabu kiko juu ya meza barazani. Nilikuwa nimejiandaa. Nilikuwa na manjano niliyoomba jikoni kwa jirani yetu Mwislamu, mfanyabiashara aliyejua kupika pilau. Nilikuwa na vumbi la tofali, na mawese kidogo ndani ya kifuniko. Buluu niliichovya katika beseni la dada. Brashi yangu ilikuwa unyoya wa kuku.

Nakuomba uniamini kwamba sikukusudia kuharibu. Nilitaka Mamzeli akiamka aone bahari ya kwao ikiwa na rangi. Niliipaka bahari ile buluu ya ziwa letu. Sketi nikazipa rangi za vitenge. Mawe nikayapa wekundu wa udongo wa mlima. Jua halikuwemo, nikaliweka, la mawese na manjano. Nilipomaliza nilijiona fundi. Kisha nikaona mawese yanatembea. Yalipita ukurasa, yakaingia wa pili, wa tatu, na kila nilipofunua nilikuta jua langu likinisubiri upande wa chini. Nikafunga kitabu, nikashuka ziwani, nikasugua mikono kwa mchanga kama bibi anavyoondoa shombo.

Asubuhi ya Ijumaa direkteri wa shule alitupanga sisi sita mbele ya ofisi, akasema tunyooshe mikono. Mikono yangu ilikuwa safi kuliko siku yoyote ya maisha yangu. Mikono ya dada ilikuwa ya buluu mpaka chini ya kucha.

"Njo huyu," direkteri akasema.

"Haiko minye, Direkteri," dada akajibu. "Iko kazi ya kufua. Kila Alhamisi mikono yangu iko vile."

"Mikono inasema."

"Minye nilikuwa pale Mamzeli akieleza. Fundi alitaka kijivu. Alisema jua la kwao linajificha, na kijivu iko za namna nyingi, aliziandika zote mu kikaratasi: ya bati, ya jivu, ya tumbo la samaki. Sasa minye ningepaka buluu juu ya nini? Aliyefanya hivi hakuwa pale."

Ndugu yangu, nilisikia maneno hayo nikiwa nimesimama hatua moja kutoka kwake. Hapo ndipo nilipojua mambo mawili kwa pamoja: kwamba sikuitia picha rangi bali niliiua, na kwamba msichana huyu amekwisha kunitaja pasipo kunitaja. Mtu mmoja tu hakuwa pale. Direkteri angeuliza swali moja, nani alikosa Jumamosi ile, ningekamatwa. Hakuuliza. Alikwisha kuona buluu.

Dada alifukuzwa barazani, na wazee wa kanisa wakaliondoa jina lake katika barua za sekondari. Mwaka ule Mamzeli alikuwa awaandikie wawili, dada kwenda shule ya wasichana kule Bukavu, na mimi kwenda ya wavulana. Watoto njiani walianza kumwimbia, "Mikono ya Buluu, leo umepaka nani?" Alipita kimya na ndoo yake. Mamzeli alilia, lakini hakuwapinga wazee. Alisema tu darasani kwamba mwenye kufanya, kama ni mwingine, aje barazani kabla ya Jumapili ya pili, watazungumza, na yote yatakwisha.

Nilikwenda. Nataka uandike hilo upande wangu, ingawa ni dogo. Jumatano nilipanda ngazi zile, nikamkuta anaandika. Aliinua uso. "Karibu, mwanangu. Hii ndiyo barua yako," akasema. "Nimeandika kwamba wewe ni mtoto mkweli." Nilisimama nikitazama wino ukikauka. Akauliza nina haja gani. Nikamwambia bibi anamsalimu.

Bibi mwenyewe aliona mawese yamepungua. Hakuniuliza. Jioni moja tulipokuwa tunakunja magunia alisema kama anayejisemea, "Samaki ukimuficha, harufu inakutangulia sokoni." Dada alikuwepo. Niliendelea kukunja.

Sisi watano tuliobaki tulimalizia kitabu chenye madoa. Tulisikia mwisho wa Fundi wa Baridi. Dada hakuusikia. Saa ileile alikuwa ufuoni akigeuza samaki, na kutoka barazani niliweza kuona mgongo wake.

Nikaenda sekondari, nikamaliza, nikawa karani pale bandarini Kalundu. Dada alianika ndagala na bibi kwa miaka mitatu, kisha akaolewa Sange na mkulima wa mpunga. Kila mara nilipopanda gari kwenda Bukavu nilipita Sange. Mara nyingine nilishuka, nikala wali kwake, tukaongea habari za mvua na bei ya muhogo, nikapanda tena gari. Hivyo kwa miaka mingi. Vita vikatukimbiza, mimi ng'ambo Burundi, yeye juu milimani, tukarudi tumezeeka. Woga wangu ulikuwa umerudi salama pamoja nami.

Mwaka juzi nilisikia anaumwa miguu. Nikaenda. Nilimkuta amekaa uani, ungo mapajani, anachagua mawe katika mchele kwa vidole, maana macho yalikuwa yamedhoofu. Nilikaa kwenye kigoda. Sikuanza na mvua safari hii.

"Dada, ile picha ilikuwa minye."

Aliendelea kuchagua. "Najua."

"Tangu lini?"

"Tangu siku ile. Ulirudi umenawa mikono mpaka kwenye kiwiko. Weye ambaye bibi alikuwa anakufukuza na fimbo ili unawe." Akacheka kidogo, kicheko chake kilekile cha barazani.

"Sasa kwa nini haukusema?"

"Nilikungoja," akasema. "Nilisema, leo atasema. Jumapili ikafika, nikasema, leo. Ukaenda na sanduku lako, nikasema, ataandika barua. Kisha nikaolewa."

Nilimwomba radhi, na sauti yangu ilitoka kama ya mtu wa pembeni. Alisema alikwisha kunisamehe zamani, maana kubeba mtu mgongoni miaka yote hiyo ni kazi, naye alikuwa na mpunga wa kubeba. "Lakini usiniulize kama iliniuma," akaongeza.

Kisha akanishangaza. Akaweka ungo chini, akageuza uso kuelekea sauti yangu, kama mwanafunzi. "Niambie kitu kimoja. Yule Fundi wa Baridi. Alirudi kwao?"

Kumbe alikuwa ameishi na swali hilo tangu utotoni. Mimi niliyekaa nikasikia jibu sikuwahi kufikiri kwamba ni mali yake pia.

Nilitamani kumpa mwisho mzuri. Nilifungua kinywa kumwambia kwamba alirudi, dada yake akampokea, wakala pamoja. Lakini nilikuwa nimekuja kusema kweli, sikuweza kuchanganya siku hiyohiyo. Nikamwambia kama Mamzeli alivyotusomea: kwamba alirudi mzee, amesifiwa katika miji mikubwa, akakuta dada yake amekwisha kufa katika baridi iliyotangulia. Kwamba picha zake za mwisho ni za mawe yale yale ya pwani, hayana mtu hata mmoja juu yake.

Dada akaushika tena ungo wake.

"Basi na yeye alichelewa," akasema.

Alikufa katika mvua zilizofuata. Tulimzika Sange, tope likivuta viatu. Wakati wa kutoa maneno niliomba nafasi. Nilivua kofia, nikasema kwa sauti ili hata wa nyuma wasikie: dada huyu hakupaka picha ya Mamzeli, mikono yake ilikuwa ya kazi, aliyepaka ni mimi, na sekondari niliyosoma niliisoma kwa nafasi ya sisi wawili.

Watu walinisikiliza kwa adabu. Nilitafuta katika nyuso zao uso mmoja ambao ungeshtuka, au kunikasirikia, au kuinamisha kichwa kwa aibu. Direkteri alikwisha kufa. Wazee wa kanisa lile wote wamekufa. Mamzeli alirudi kwao tukiwa bado vijana, na baraza yake ilikwenda na mto uliposhuka na mawe kutoka mlimani. Ufuo wa bibi uko chini ya maji, ziwa lilipanda likaula na minazi yake. Wale watoto waliokuwa wakimwimbia njiani, wa mwisho wao alizikwa Kalundu kabla ya dada. Waliosimama pale kaburini walikuwa wanawe, wajukuu, na majirani wa mashamba ya mpunga. Kwao hakuwa amewahi kushtakiwa kwa lolote. Nilikuwa naosha jina ambalo kati yao hakuna aliyejua kuwa lilichafuliwa.

Nilipomaliza, mmoja wao, kijana mwenye jembe la kufukia, alinisogelea akanishika mkono kwa heshima. "Asante, babu," akasema. "Lakini muliongea juu ya nani?"